Daktari alisema jeni, mawifi wakasema ni mimi

Maswali ya wasomaji. Anajibu nesi mstaafu wa chumba cha upasuaji, Mkomani, Lamu

SWALI

Assalaam aleikum nesi. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunakaa Langoni. Binti yangu wa pili ana miaka 22. Tangu alipovunja ungo akiwa na miaka 13, siku mbili za kwanza za kila mwezi hulala kifudifudi sakafuni, tumbo kwenye saruji ya baridi, na kutapika juu. Nyanya yake alisema ni chango. Akachuliwa, akanyweshwa mizizi na habasoda, wapi! Mwaka jana tulimpeleka Mombasa akafanyiwa upasuaji wa kamera. Wakatoa uvimbe wenye damu kwenye ovari ya kushoto, wakasema ni endometriosi. Alipewa vidonge vya homoni vya kumeza kila siku. Miezi mitatu alikaa vizuri, wa nne maumivu yakarudi. Tuliporudi, daktari akatuambia shida iko kwenye vipokezi, kwamba jeni zake kwenye zile tishu zinafanya kazi tofauti. Na homoni zake zilipimwa kwenye damu, majibu ya kawaida kabisa. Mimi nilitoka pale na neno moja tu, jeni. Nilipolitamka nyumbani mawifi zangu wakaangaliana, mmoja akasema, "Basi imetoka kwenu." Niambie ukweli: ni mimi niliyempa? Homoni zikiwa sawa, anaumwa nini? Hivyo vipokezi vinapimwa wapi? Na mdogo wake wa miaka 14 nimfanyie nini?
Mama wa Langoni

JIBU

Waaleikum salaam, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimeshawakasirikia mawifi zako. Kwa hiyo nianze na wao.

Daktari hakusema binti yako ana jeni mbovu. Alisema jeni zinafanya kazi tofauti *kwenye zile tishu*. Hilo ni jambo jingine kabisa. Chukulia lile kasha la mbao la bibi, lenye hati zote za ukoo. Karibu kila seli ya mwili wa binti yako, ya jicho, ya ini, ya mji wa mimba, ina kasha hilohilo na hati zilezile, nusu umeweka wewe na nusu ameweka baba yake. (Hiyo nusu ya kaka yao wakumbushe mawifi.) Kinachofanya ini liwe ini na jicho liwe jicho ni hati ipi inatolewa na kusomwa, na mara ngapi. Tishu zinaweza kusoma vibaya hati ambazo zimeandikwa vizuri. Ndicho alichokisema daktari, ila nadhani alikisema haraka, na foleni ilikuwa ndefu nje.

Sasa hivyo vipokezi. Sisi watu wa Amu, yaani Lamu, tunajua kwamba jahazi likifika na mzigo na gati hakuna, mzigo haushuki. Homoni ni majahazi. Zinapita kwenye damu, zinafika kila mahali, lakini ujumbe wake unashuka kwenye seli zenye gati lake tu. Gati hilo ndilo kipokezi. Hili lilianza kujulikana mwishoni mwa miaka ya 1950, pale Elwood Jensen, mtafiti wa Chicago, alipoonyesha kwamba estrojeni, homoni ya kike, hung'ang'ania kwenye tishu kama za mji wa mimba na hupita tu kwenye nyingine. Kwa miaka mingi ikadhaniwa gati la estrojeni ni moja. Mwaka 1996 Waswidi wakatangaza la pili. Lile la zamani likaitwa alfa, jipya likaitwa beta, kila moja na jeni yake.

Kwenye ukuta wa ndani wa mji wa mimba ulio mzima, alfa ndilo gati kubwa. Estrojeni inateremsha ujumbe: kua, nenepa. Baadaye mwezini inakuja homoni nyingine, projesteroni, na ujumbe wake: basi, tulia. Zikibishana kwa zamu namna hiyo, mwezi unakwenda sawa.

Endometriosi ni tishu inayofanana na ule ukuta wa ndani, lakini imeota nje: kwenye ovari, nyuma ya mji wa mimba, kwenye utumbo, kwenye kibofu. Zilipochunguzwa tishu hizo maabara, mambo yakaonekana yamegeuka. Kundi la Daktari Serdar Bulun, huko Chicago, lilikuta jeni ya beta inasomwa mno, kwenye seli fulani zaidi ya mara 100 kuliko kwenye seli za mji wa mimba ulio mzima. Mwaka 2007 wakaeleza kwa nini. Jeni ile kwa kawaida hufungwa kwa alama ndogo za kemikali, zinaitwa methili. Kwenye mji wa mimba wa kawaida alama zipo, hati imefungwa. Kwenye tishu za ugonjwa alama zimepungua, kufuli limelegea, hati inasomwa usiku na mchana. Maandishi yenyewe hayajabadilika hata herufi.

Upande wa projesteroni ni kinyume. Jeni yake ni moja lakini inatoa gati za aina mbili, A na B. Kundi hilohilo, mwaka 2000, lilitafuta B kwenye tishu za ugonjwa na halikuiona. A ilikuwepo kidogo. Kwa hiyo jahazi la "basi, tulia" linafika, linazunguka, linaondoka na mzigo wake. Madaktari huliita jambo hili ukaidi wa projesteroni. Mimi silipendi hilo neno, maana huishia kwa mgonjwa. Mara nesi anasema "huyu mkaidi", na hazungumzii tishu tena.

Umeuliza, homoni zikiwa sawa anaumwa nini. Hapa ndipo penyewe, mama. Tishu hizi zina kimeng'enya kiitwacho aromatesi, kinachotengeneza estrojeni hapohapo. Tena kimeng'enya kingine ambacho kwa kawaida huidhoofisha estrojeni kikiamriwa na projesteroni, hapa hakipati amri. Estrojeni ikizidi pale inaamsha prostaglandini, na prostaglandini ndiyo inayobana tumbo na kuleta uvimbe. Nayo prostaglandini inaiongeza nguvu aromatesi. Mduara. Na yote yanatokea mahali padogo kama ncha ya kidole. Maji ya mji wetu yanatoka kwenye michanga ya Shela, kijiji cha jirani. Anayekwenda kupima Shela atakuambia maji ni ya kawaida, na atakuwa amesema kweli, lakini hajui kisima cha uani kwako kimefurika. Kipimo cha damu cha binti yako kilipima Shela.

Kwa hiyo vidonge vilipoacha kufanya kazi mwezi wa nne, asiambiwe na mtu kwamba alikuwa havimezi. Vidonge vingi vya ugonjwa huu ni ndugu wa projesteroni. Watafiti wa Yale mwaka 2018 waliangalia tishu za wanawake waliotumia dawa za aina hiyo, wakakuta wenye vipokezi vingi vya projesteroni walipata nafuu kuliko wenye vichache. Binti alimeza. Huenda gati ndilo halikuwepo, au lilikuwepo moja bovu.

Nasema haya kwa ukali kwa sababu nina deni. Nilipokuwa nesi kijana, wodini, hospitali siitaji, aliletwa msichana wa shule, miaka 17, amejikunja kama kamba. Nilimpa vidonge viwili vya maumivu na maneno haya, nayakumbuka vizuri: "Utaolewa, itaisha." Mamake alinishukuru. Miaka kadhaa baadaye nilikuwa thieta, nikasoma jina kwenye faili kabla sijaona uso. Tumbo lilipofunguliwa, ovari mbili zilikuwa zimeshikana nyuma ya mji wa mimba kama mikono ya mtu aliyefungwa. Uvimbe ukapasuka, ukatoa kitu kizito cha hudhurungi kama rojo la ukwaju lililokaa sana. Na kwenye ngozi laini ya ndani ya tumbo, vidoa vyeusi vyeusi, kama mtu amemwaga habasoda kwenye shuka nyeupe na kusahau kuzikung'uta. Mimi ndiye niliyeshika kichupa cha fomalini. Daktari wa upasuaji akasema, "Huyu ana miaka mingi na ugonjwa huu." Sikujibu. Shirika la Afya Duniani linakadiria wagonjwa kuwa kiasi cha asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio kwenye umri wa kuzaa, watu milioni 190. Basi hesabu wangapi wamepita mikononi mwa nesi mmoja mwenye haraka.

Na tulikuwa na kisingizio kilichoandikwa. Vitabu vya zamani vya udaktari vilikuwa na dhana kwamba huu ni ugonjwa wa wanawake wa Kizungu wenye nafasi zao. Mwanamke mweusi akiumwa nyonga, aliandikiwa maambukizi, yaani ugonjwa wa zinaa kwa lugha ya adabu. Daktari Donald Chatman, naye mweusi, wa Chicago vilevile, alichapisha mwaka 1976 makala akionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wake weusi walioandikiwa maambukizi walikuwa na endometriosi. Dhana yenyewe haikufa siku ile. Mimi niliikuta bado iko hai, imevaa koti jeupe.

Sasa, je, ni wewe? Ugonjwa huu huandama familia, sikufichi. Uchunguzi wa mapacha unaonyesha karibu nusu ya uwezekano wa kuupata unahusiana na urithi. Lakini hakuna jeni moja ambayo mama anampa binti kama anavyompa kipini. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa zaidi ya wagonjwa 60,000, zikaonekana sehemu 42 za jeni zinazochangia, kila moja kidogo kidogo, na zinapitia kwa baba kama zinavyopitia kwa mama. Wanawake hao walikuwa wa asili ya Ulaya na Asia Mashariki, kwa hiyo wifi yako hana hata pa kushika akitaka kusema "kwenu". Ile habari ya methili na kufuli nayo ni ya ndani ya tishu yenyewe. Hukumfungia wewe, na hukumfungulia.

Kuhusu kupima vipokezi. Kwa saratani ya matiti ni kawaida: kipande kinapakwa rangi maalumu, vipokezi vinahesabiwa, dawa inachaguliwa. Kwa endometriosi jambo hili bado ni la watafiti, halijawa kipimo cha kuamulia dawa hospitalini. Mtu akikuuzia "kipimo cha jeni cha endometriosi" kwa bei ya mbuzi watatu, rudi na mbuzi wako. Ila ripoti ya maabara ya ule upasuaji itunze, pamoja na maelezo ya daktari aliyepasua, maana kila daktari mpya ataanza hapo.

Rudini kwa daktari wa wanawake, na msiseme tu "dawa haifanyi kazi". Semeni ilifanya kazi miezi mitatu kisha ikaacha, na hilo linamfungulia mlango. Kuna aina nyingine za dawa za jamii hiyohiyo, na mwili unaokataa moja huweza kukubali nyingine. Kuna zinazopita njia tofauti kabisa: zinazowaambia ovari zilale, ambazo zikitumiwa muda mrefu hupunguza nguvu ya mifupa na huhitaji dawa ya kulinda, na zinazoziba ile aromatesi yenyewe, ambazo bingwa huzitumia kwa uangalifu pamoja na dawa nyingine pale njia za kawaida zikishindikana. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni zinakata prostaglandini, kwa hiyo zianzwe mapema maumivu yanapobisha hodi, si akiwa keshatapika. Lakini kwanza aulizwe daktari kama ana vidonda vya tumbo au shida ya figo, na asimeze tumbo likiwa tupu. Ramadhani kidonge cha kila siku kihamishieni baada ya futari, saa ileile kila siku.

Najua kuna jambo hukuliandika. Binti hajaolewa, na pakiti ile kwenye duka la dawa inaonekana ni ya kupanga uzazi, na mji wetu vichochoro vyake vyembamba mpaka siri hazipitani. Ukiulizwa, sema ni dawa ya tumbo. Ndiyo kweli yenyewe. Mimi nilimwambia binti wa jirani yangu avitie kwenye kopo la iliki, na mpaka leo mamkwe wake mtarajiwa anamsifu kwa chai.

Huyo wa miaka 14 usimpime jeni, wala usimtishe. Mpe kalenda ya ukutani na kalamu. Atie alama siku anazotoka damu, siku alizokosa shule, siku aliyoumwa akienda chooni au haja ndogo. Miezi mitatu ikionyesha anakosa shule kila mwezi, mpeleke na hiyo kalenda mkononi. Na ultrasaundi ikisema hakuna kitu, usikubali kwamba hakuna kitu: vidoa vya habasoda mara nyingi havionekani kwa ultrasaundi. Siku hizi miongozo ya madaktari inaruhusu kuanza tiba kwa dalili tu, bila kungoja kisu.

Chango la nyanya yake silidharau, kwa njia. Neno lile limewachukulia wanawake wetu maumivu yao kuwa ya kweli, wakati sisi wa hospitali tulikuwa tunawaambia wataolewa. Tangawizi na kitambaa cha moto anywe na ajikande apendavyo. Kuchuliwa tumbo kwa nguvu baada ya upasuaji, hapana.

SWALI

Nimeolewa Malindi miezi minane sasa, nina endometriosi tangu kabla ya ndoa. Mama mkwe anasema nikizaa itapona. Tendo la ndoa linaniumiza ndani kabisa, na mume wangu anadhani simpendi. Nifanye nini?
Bibi harusi wa Malindi

JIBU

Mamkwe amesikia nusu. Ujauzito wenyewe ni bahari ya projesteroni na hedhi hukatika, kwa hiyo baadhi hupumzika miezi ile, na wengine wala. Ukiisha, ugonjwa huweza kurudi ulipoachia. Zaa kwa sababu mnataka mtoto, usizae kama dawa. Wengi wenye ugonjwa huu hupata mimba. Mkimaliza mwaka bila kuziba njia na hakuna, nendeni nyote wawili, yeye pia apimwe, na kama umeshavuka miaka 35 msingoje mwaka.

La pili ni zito zaidi. Maumivu ya ndani kabisa wakati wa tendo la ndoa ni dalili ya ugonjwa, imeandikwa kwenye kila kitabu. Mwambie mchana, mkiwa mmekaa, si usiku kitandani. Nenda naye kwa daktari na umwombe daktari amwonyeshe kwa mchoro tishu zinakaa wapi. Nimewaona wanaume wakitazama mchoro ule, wanainamisha kichwa, na kurudi nyumbani watu wengine. Si wote, lakini jaribu.

SWALI

Mke wangu akiingia mwezini hupata maumivu ya bega la kulia na pumzi kumkata. Zikiisha siku zake anakuwa mzima. Je, ni jini au ni baridi ya bahari?
Fundi wa mashua, Matondoni

JIBU

Ndugu yangu, jini hana kalenda. Tishu hizi mara chache hupanda mpaka kwenye kiwambo cha kifua na mapafu, zaidi upande wa kulia, na huko nako zinafuata mwezi. Zinaweza kufanya pafu likasinyaa. Mtangazaji Njambi Koikai aliishi na hali hiyo, mapafu yakasinyaa mara nyingi, akafika mpaka Atlanta kutafuta matibabu, na akalisema hadharani bila haya mpaka alipofariki Juni 2024. Wakenya wengi walilisikia jina la ugonjwa huu kwa mara ya kwanza kinywani mwake.

Pumzi ikikata, usingoje siku ziishe. Mpeleke siku hiyohiyo, apigwe eksirei ya kifua wakati maumivu yapo, kwa sababu wiki ijayo picha inaweza kuwa safi na mkarudishwa nyumbani. Na kabla hamjapanda mashua, andika kwenye karatasi moja tarehe za hedhi zake tatu zilizopita na, pembeni yake, tarehe za bega. Mpe daktari karatasi hiyo kabla hajauliza chochote.